Miligramu Kwanza, Mililita Baadaye

Mwanafunzi wa uuguzi ukimuuliza haki tano za utoaji dawa, atazitaja bila kusita: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Kuzikariri ni rahisi. Kazi ni kuzishika saa nane usiku, mtoto ana degedege la malaria kali na mama yake analia pembeni.

Tuchukue artesunate ya sindano, dawa ya malaria kali. Mpime mtoto kwenye mzani, usikisie uzito kwa macho. Aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20, miligramu 2.4. Ndiyo, mdogo hupata zaidi kwa kila kilo, usidhani chati imekosewa. Mtoto wa kilo 10 basi anahitaji miligramu 30.

Sasa mililita. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwa mililita 1 ya sodiamu bikaboneti, hadi dawa iwe angavu. Kwa sindano ya mshipa, unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Kila mililita ina miligramu 10, kwa hiyo mtoto wetu anapata mililita 3, taratibu. Kwa sindano ya msuli unaongeza mililita 2 tu, na hapo kila mililita ina miligramu 20. Ukivuta mililita 3 zilezile, umemchoma kichupa kizima: dozi maradufu. Ndiyo maana nawasihi msikubali kamwe bomba la sindano lisilo na lebo, hata kama aliyelijaza ni mkubwa wako wa zamu. Piga hesabu, kisha mwombe mwenzako apige ya kwake kabla hajaona jibu lako.

Kitandani, usiulize, "Huyu ni Juma?" Mama aliyechoka ataitikia jina lolote. Uliza, "Mtoto anaitwa nani?" halafu linganisha na faili.

Saini baada ya kuchoma, si kabla, na uandike saa yenyewe. Dozi ya pili hutolewa saa 12 baada ya ile ya kwanza, ya tatu saa 24 baada ya hiyo hiyo ya kwanza, na anayeingia asubuhi atahesabu kutoka kwenye mwandiko wako. Dawa iliyochanganywa ikipita saa moja, imwage.