Saruji si dawa ya ukuta wa mawe

"Saruji ina nguvu kuliko chokaa." Karibu kila anayenunua nyumba kuukuu katika vijiji vya Limousin, katikati ya Ufaransa, huja na neno hilo mdomoni na mifuko ya saruji iko tayari uani. Nguvu ya kufanya nini? Ukuta ule una unene wa sentimita 50 hadi 70: nyuso mbili za granaiti, kifusi katikati, vyote vimeshikwa kwa udongo au chokaa. Chini hauna tabaka la kuzuia maji. Unyevu hupanda kutoka ardhini na kutokea kwenye viungo vya kati ya mawe, kwa kuwa granaiti haiupitishi. Ukiviziba kwa saruji, maji hubaki ndani. Udongo wa kati hulainika, chumvi hubabua plasta ya chumbani, ncha za boriti za mwaloni huoza zilipoingia ukutani, na jalidi ya Januari hupasua kila palipolowa. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye kuta za matumbawe na chokaa, anaelewa nasema nini.

Kama saruji imeshapigwa, ibandue na uache ukuta ukauke kwa miezi. Kisha chokonoa viungo kina cha sentimita 2 hadi 3, piga brashi, lowesha ukuta jioni na tena asubuhi ya kazi. Changanya ndoo 1 ya chokaa (mfuko ulioandikwa NHL, yaani chokaa asilia inayoganda kwa maji, 2 au 3.5; NHL 5 ni ngumu mno) na ndoo 2.5 hadi 3 za mchanga wenye chembe kubwa na ndogo pamoja. Usitie saruji "kidogo tu". Shindilia kwa mwiko mwembamba. Kidole gumba kikishindwa kubonyea, kwaruza kwa brashi ngumu. Siku kadhaa funika kwa magunia yaliyoloa, maana chokaa ikikauka mbio hugeuka unga. Chini ya nyuzi 5 usianze.

"Mawe yaachwe wazi, ndivyo yalivyokuwa." Mabanda na ghala, ndiyo. Nyumba za kukaa mara nyingi zilipigwa plasta ya chokaa. Tazama mawe ya kona: yakitokeza kidogo mbele ya ukuta, plasta ilikuwa ikiishia hapo.

"Kijijini hakuna wa kukuuliza." Hata kijiji cha watu 100 kina meya. Kubadili dirisha au aina ya vigae vya paa hutakiwa kutangazwa kwanza mairie (ofisi ya meya), na jibu huchukua mwezi 1. Ukiwa karibu na kanisa lililosajiliwa kuwa jengo la kihistoria, ndani ya mita 500, msanifu majengo wa serikali huweza kuingilia uamuzi, na muda huwa miezi 2.

"Unyevu unahitaji sindano za dawa ukutani." Anza na mifereji ya paa, kisha ondoa udongo uliorundikana nje hadi uwe chini ya sakafu ya ndani. Usichimbe kupita kitako cha ukuta: nyingi ya nyumba hizi hazina msingi wa kina.