Je, wajua? Dereva wa basi la eapoti anaweza kuumia vibaya gari likiwa limepaki

Ukiuliza watu dereva wa vile vibasi vya kutoa abiria eapoti kuwapeleka hotelini anaumiaje kazini, wengi watakwambia ajali ya barabarani. Kumbe kuna hatari nyingine iko palepale mlangoni, kwenye ngazi, injini hata imezimwa.

Angalia kazi yenyewe. Kila kituo anashuka, anapokea mabegi, anapanda nayo anayapanga, mbele kidogo anaanza kuyashusha tena, na begi moja la ndege linaweza kufika kilo 23, mengine hadi 32. Sasa mtu akishuka amekumbatia begi kubwa tumboni haoni miguu yake, mkono wa kushika bomba hana, na ule uzito unamvutia mbele. Kisigino kikiteleza kidogo tu kwenye ukingo wa ngazi, basi ameenda. Wakati wa kupanda angalau ukijikwaa ngazi ziko mbele yako karibu, lakini ukishuka kinachokusubiri ni lami, tena mbali. Ongeza soli zilizotoka kukanyaga maji ya mvua au dizeli iliyomwagika.

Halafu kuna wale wa kuruka (na wapo wengi, abiria wanapiga kelele ndege itawaacha). Ukiruka kutoka nusu mita unatua na spidi ya kama kilomita 11 kwa saa, ukiruka mita moja inafika kama 16, na mzigo wote huo unapokelewa na vifundo vya miguu na magoti yaliyokuwa yamekunjwa kwenye kiti muda mrefu. Ukitua nusu kwenye ukingo wa barabara mguu unapinda. Na cha ajabu, mguu ndio umeteleza ila kinachovunjika mara nyingi ni mkono karibu na kiganja, sababu mtu akianguka anautanguliza bila hata kufikiria.

Dawa inayofundishwa ni kushuka ukiangalia gari, kinyumenyume kama unashuka kutoka juu ya paa, mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono mmoja viwe vimeshika muda wote. Ila hiyo haiwezekani kama umebeba begi! Ndio maana mimi naona kumwambia dereva "kuwa makini" ni kumuonea tu, mabegi yapakiwe kwenye buti mtu akiwa amesimama chini, au kampuni inunue mabasi ya sakafu ya chini yasiyo na ngazi mlangoni.