Je, wajua folda ya S-1-5-21 kwenye diski yako inasema nini?

Juzi nilichomeka diski yangu ya nje kwenye kompyuta ya binamu yangu, nikaiambia Windows ionyeshe na mafaili yaliyofichwa. Ndani ya $RECYCLE.BIN, yaani pipa la taka, nikakuta folda tatu. Mbili za kwanza ziliitwa hivi (tarakimu nimezibadilisha, na aliyependa hesabu shuleni atajua nimezitoa wapi):

S-1-5-21-2718281828-3141592653-1414213562-1001
S-1-5-21-2718281828-3141592653-1414213562-1002

Ya tatu ilianza vilevile kwa S-1-5-21, halafu namba zikawa nyingine kabisa. Binamu akashtuka: "Hao virusi hao, futa haraka!" Simlaumu. Aliyehangaika na flashi mwaka 2009 anazikumbuka folda za sura hii, na huyo mdudu aliyezichafulia jina tutamfikia. Ila hizi zangu hazina neno. Zinasema tu kwamba diski imetumiwa na watu wawili kwenye mashine moja, na mtu mwingine kwenye mashine tofauti. Hayo yote yamo kwenye majina, ukijua kuyasoma.

Kila jina hapo ni kitambulisho cha usalama, kwa kifupi SID. Windows za ukoo wa NT (za leo zimo), ambao toleo lake la kwanza lilitoka 1993, hazimjui mtu kwa jina lake. Tuseme ofisini kuna akaunti iitwayo asha. Asha anaacha kazi, akaunti inafutwa. Miezi miwili baadaye anaajiriwa Asha mwingine, naye anafunguliwa akaunti ya jina lilelile. Kama ruhusa za mafaili zingefungwa kwenye jina, Asha wa pili angekuta kabati la mwenzake liko wazi. Kwa kuwa zimefungwa kwenye SID, na kila akaunti mpya hupewa SID yake, mlango unabaki umefungwa. Ndiyo maana pia, ukiangalia ruhusa za faili la zamani, wakati mwingine unakuta S-1-5-21 ndefu mahali pa jina: mwenyewe alishafutwa, na Windows haina tena jina la kukuonyesha.

Kuna na suala la lugha. Kundi la wasimamizi kwenye Windows ya Kijerumani huitwa Administratoren, kwenye ya Kifaransa Administrateurs. Programu inayolitafuta kundi hilo kwa jina la Kiingereza itakwama Berlin. Inayotafuta S-1-5-32-544 haitakwama popote, maana namba hiyo ni ileile dunia nzima.

Tuisome basi. S ni alama tu ya kusema hii ni SID. 1 ni toleo la muundo, na hadi leo hakuna toleo la 2. Namba inayofuata ni mamlaka iliyokitoa kitambulisho: 5 ni Windows NT yenyewe, 1 ni mamlaka ya dunia yote, ndiyo inayotoa S-1-1-0, "kila mtu". Baada ya hapo zinafuata namba ndogo, yaani zilizo chini ya mamlaka hiyo, na idadi yake haizidi 15. Ile 21 inatangaza kwamba namba tatu ndefu zinazokuja ni za mashine au za domeni fulani, yaani kundi la kompyuta za mtandao linalosimamiwa pamoja. Hizo tatu, biti 96 kwa jumla, hutengenezwa mara moja Windows inapowekwa au domeni inapoundwa. Ya mwisho kabisa ni ya akaunti. Akaunti za kawaida huanzia 1000 kwenda juu. 500 ni msimamizi aliyezaliwa na mfumo, 501 ni mgeni. Kuna watu huibadilisha akaunti ya msimamizi ikaitwa "karani" wakidhani wameificha. Mshambuliaji anayejua kazi yake haangalii jina, anatafuta inayoishia na 500.

Mpaka hapa tumesoma maandishi. Ndani ya kompyuta hakuna S wala vistari, kuna baiti tu. Windows hutunza SID kwa baiti inapoandika ruhusa za faili kwenye diski ya NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows), na Active Directory, daftari la watumiaji wa domeni, hufanya hivyohivyo kwa kila mtumiaji. Lakini pipa la taka, rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) na kumbukumbu za matukio zinatuonyesha maandishi. Kwa hiyo kila siku kuna programu inayogeuza baiti kuwa maandishi na maandishi kuwa baiti, na nyingi kati ya hizo zimeandikwa kwa lugha ya C. Hii hapa S-1-5-32-544 ilivyo kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), baiti 16:

01 02 00 00 00 00 00 05 20 00 00 00 20 02 00 00

01 ni toleo. 02 ni hesabu ya namba ndogo zinazofuata. Baiti sita, 00 00 00 00 00 05, ni mamlaka. Kisha kila namba ndogo inachukua baiti nne: 20 00 00 00 ni 32, na 20 02 00 00 ni 544.

Tulia hapo kwenye mamlaka na 544. Kwenye mamlaka baiti nzito inatangulia na nyepesi inafunga safu, kama tunavyoandika namba sisi. Kwenye 544 mambo yamegeuka: nyepesi iko mbele, nzito nyuma. Muundo mmoja wa baiti 16, mipangilio miwili! Mamlaka ilitangazwa kama safu ya baiti sita tupu, wakati namba ndogo ni namba halisi za biti 32, na mashine za Intel huweka namba kwa kuanza na baiti nyepesi. Anayesahau hilo akasoma zote kwa mtindo wa kwanza atapata 537001984 badala ya 544. Akisoma zote kwa mtindo wa pili, mamlaka 5 inakuwa 5497558138880. Ukikutana na namba kama hizo kwenye ripoti, usihangaike kutafuta akaunti. Mkosaji ni aliyeandika programu.

Ukiwa ndani ya Windows huna haja ya kujitesa. Tangu Windows 2000 kazi hii ipo tayari, imetangazwa kwenye sddl.h:

    LPWSTR maandishi = NULL;
    if (ConvertSidToStringSidW(sid, &maandishi)) {
        wprintf(L"%ls\n", maandishi);
        LocalFree(maandishi);
    }

Mtego wake ni mmoja: kumbukumbu inayorudishwa huachiliwa kwa LocalFree, si kwa free ya kila siku. Ukikosea, programu inaweza kwenda vizuri wiki nzima, kisha ikaanguka mahali pasipohusiana kabisa. Kurudi upande wa pili kuna ConvertStringSidToSidW, nayo ina masharti yaleyale ya LocalFree. Na ukipeleka SID mbovu, namba ya kosa ni 1337, ambayo kwa maandishi ya mafumbo ya wadukuzi husomwa "leet", yaani bingwa. Sijui kama kuna mtu alicheka alipoipanga. Mimi hunichekesha kila nikiiona.

Nje ya Windows lazima ujiandikie. Samba, mradi aliouanzisha Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, huifanya Linux iongee na kompyuta za Windows kwenye mtandao mmoja, nayo imebeba msimbo wake yenyewe wa kugeuza SID huku na huko. Wangu ni mfupi zaidi:

    int sid_kuwa_maandishi(const uint8_t *b, size_t urefu,
                           char toa[184])
    {
        if (urefu < 8 || b[0] != 1 || b[1] > 15 ||
            urefu < 8 + 4u * b[1])
            return -1;

        uint64_t mamlaka = 0;
        for (int i = 2; i < 8; i++)
            mamlaka = (mamlaka << 8) | b[i];

        int n = sprintf(toa, mamlaka >> 32 ?
                        "S-1-0x%012" PRIx64 : "S-1-%" PRIu64,
                        mamlaka);

        for (int i = 0; i < b[1]; i++) {
            const uint8_t *p = b + 8 + 4 * i;
            uint32_t v = p[0] | p[1] << 8 | p[2] << 16 |
                         (uint32_t)p[3] << 24;
            n += sprintf(toa + n, "-%" PRIu32, v);
        }
        return n;
    }

Ile 184 haikuanguka kutoka mbinguni. "S-1-" ni herufi 4. Mamlaka ikiwa kubwa kupita biti 32 huandikwa kwa heksadesimali, 0x na tarakimu 12, jumla 14. Namba ndogo 15, kila moja kistari na tarakimu zisizozidi 10, ni 165. Ongeza sifuri ya kufunga maandishi: 4 + 14 + 165 + 1. Wanaokisia 64 au 100 hawapati shida kwenye majaribio, kwa sababu SID za kawaida ni fupi. Shida huja siku mtu mwenye nia mbaya anapowatumia ndefu.

Na ule mstari wa ukaguzi mwanzoni ndio wenye uzito kuliko yote. Baiti ya pili inasema namba ndogo ziko ngapi, lakini baiti hizo zimetoka kwenye mtandao, na mtandao husema uongo. Ikidai ziko 200 nawe ukaiamini, utasoma kumbukumbu isiyo yako.

Kutoka maandishi kwenda baiti ndiko wengi wanakoteleza, maana C huonekana kutoa msaada wa bure. Kuna strtoul ya kusoma namba, mtu anaitumia na kusonga mbele. Lakini strtoul ina ukarimu uliopitiliza: hukubali nafasi tupu kabla ya namba, hukubali alama ya kujumlisha, hata ya kutoa. Mpe S-1-5--21, yenye vistari viwili, ataruka kistari cha kwanza na kukisoma cha pili kama alama ya kutoa, na ukiibana -21 kwenye biti 32 unapata 4294967275 bila kelele yoyote. Ndiyo maana nakagua kwanza kwamba herufi baada ya kistari ni tarakimu:

    static int soma_namba(const char **s, uint32_t *v)
    {
        if (**s != '-' || !isdigit((unsigned char)(*s)[1]))
            return -1;
        char *mwisho;
        errno = 0;
        unsigned long long n = strtoull(*s + 1, &mwisho, 10);
        if (errno || n > UINT32_MAX)
            return -1;
        *v = (uint32_t)n;
        *s = mwisho;
        return 0;
    }

Ile 10 nayo si pambo. Ukiweka 0, C itajiamulia msingi wa namba yenyewe, na 010 itasomwa kuwa 8.

Sasa yule mdudu. Conficker aliibuka Novemba 2008 kwa kupenya tundu ambalo Microsoft walikuwa wameliziba mwezi uliotangulia kwa wale waliosasisha Windows zao, na aina yake iliyofuata ikajifunza kupanda flashi. Kwenye flashi aliacha autorun.inf, faili la kuiambia Windows iendeshe nini flashi ikichomekwa, na folda iliyofichwa ya RECYCLER, jina la pipa la taka la enzi za Windows XP, akajilaza ndani yake. Hilo peke yake lilitosha kumshuku, kwani kwa kawaida Windows haiweki pipa la taka kwenye flashi. Ndani ya RECYCLER palikuwa na folda ya sura ya SID. Jina mojawapo lililonukuliwa sana wakati ule ni hili:

S-5-3-42-2819952290-8240758988-879315005-3665

Kwa jicho la haraka, hasa jicho la mtu anayesubiri kuchapisha barua kibandani, limefanana na zile za diski yangu. Lipitishe kwenye kigeuzi. Linakwama kwenye herufi ya tatu tu, maana toleo ni 5 na toleo la 5 halipo. Tuseme tumelisamehe hapo. Namba ya tano, 8240758988, haiingii kwenye biti 32, ambazo mwisho wake ni 4294967295. Kigeuzi kizembe kwenye Linux ya biti 64, kinachotumia strtoul bila kukagua ukubwa, kingeikata kimyakimya ikawa 3945791692 na kukurudishia SID iliyonyooka, ya akaunti isiyokuwepo popote. soma_namba inarudisha -1.

Binamu bado anataka nizifute zile tatu. Nimemwambia afute tu kama anataka. Windows itaitengeneza upya ile ya akaunti yake, kwa jina lilelile.