Diski kuu (hard disk) inayokufa kwenye kompyuta ya zamani: dhana potofu na ukweli wake

Kompyuta ya miaka mingi ikianza kuganda, kuchukua dakika kadhaa kufungua folda moja au kutoa mlio wa tiki-tiki, ushauri humiminika kutoka kila upande. Sehemu kubwa ya ushauri huo ni ya zama za diski ambazo hazitengenezwi tena, na sehemu nyingine haikuwahi kuwa kweli hata siku moja. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona picha za familia na kazi za miaka zikipotea mikononi mwa mtu aliyekuwa anajaribu kusaidia. Diski mpya inanunulika. Kilichomo ndani ya ile ya zamani hakinunuliki, na hilo ndilo linalopaswa kuamua kila hatua.

Dhana: Kompyuta haiioni diski, basi diski imekufa

Si lazima. Kwenye mashine ya zamani, anza na betri bapa ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama. Ikiisha nguvu, BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, husahau mipangilio yake kila umeme unapokatika na kurudia ile ya kiwandani. Utaitambua kwa tarehe iliyorudi nyuma miaka mingi. Mpangilio wa SATA, njia inayounganisha diski na ubao mama, nao ukibadilika kutoka hali ya AHCI kwenda hali ya zamani ya IDE, Windows iliyosakinishwa chini ya AHCI inaweza kugoma kuwaka na kuonyesha skrini ya bluu yenye namba 0x7B, ilhali diski yenyewe haina kasoro yoyote. Badilisha betri, rudisha mpangilio, mashine itawaka.

Baada ya betri, kagua waya. Kebo ya SATA iliyolegea au kuchoka huharibu data njiani, na diski huhesabu makosa hayo katika kipimo namba 199 cha SMART, yaani mfumo wa diski wa kujifuatilia afya. Namba hiyo ikiwa inapanda, weka kebo nyingine. Haitashuka tena hadi sifuri, kwa hiyo angalia tu kama imeacha kupanda. Kwa diski za IDE, zile za kabla ya SATA, hakikisha jampa (kile kifuniko kidogo cha pini za mpangilio) imekaa mahali pake na pini hazijapinda. Wenye Windows XP wajue jambo moja zaidi: makosa ya mawasiliano yakifika sita, mfumo hushusha kasi ya diski hatua kwa hatua hadi hali ya PIO, iliyo ya polepole kabisa, na kompyuta hutambaa hata baada ya kebo kubadilishwa, mpaka mpangilio huo urekebishwe.

Dhana: SMART imesema diski ni nzima, kwa hiyo ni nzima

Hapa ndipo watu wengi hunaswa. Lile neno moja la jumla, "nzima" au "imefaulu", hubadilika tu pale kipimo fulani kinapovuka kikomo alichoweka mtengenezaji, na vikomo hivyo vimelegezwa sana. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja, wakaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara yoyote katika vipimo vinne vya SMART walivyoviona kuwa na uzito zaidi. Uchunguzi huohuo ulionyesha pia upande wa pili: diski ikishapata kosa la kwanza wakati wa kujikagua, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 uliongezeka mara 39. Ukimya wa SMART hauthibitishi uzima, lakini ikilalamika, isikilize siku hiyohiyo.

Fungua orodha kamili, kwa programu ya smartctl au CrystalDiskInfo, na uangalie namba tatu. Namba 5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski vinavyobeba data, ambazo ziliharibika na nafasi zake kuhamishiwa kwenye akiba. Namba 197 ni sekta zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri uamuzi. Namba 198 ni zile ambazo diski ilipojikagua yenyewe ilishindwa kuzisahihisha. Sekta chache zilizohamishwa zamani na kubaki palepale kwa miezi si hukumu ya kifo. Zinazoongezeka wiki hadi wiki ni hukumu.

Usitishwe na mamilioni unayoyaona kwenye namba 1 na 7 za diski za Seagate. Zimepangwa hivyo tangu kiwandani na hazimaanishi mamilioni ya makosa. Kipimo kirefu cha diski kujikagua, smartctl -t long, kinaeleza zaidi ya tarakimu hizo, lakini kiendeshe baada ya kuokoa data, maana kinaisomesha diski yote kutoka mwanzo hadi mwisho.

Dhana: Kufomati kunaponya diski

Dhana hii haifi kwa sababu inaonekana kufanya kazi. Sekta iliyogoma kusomeka hukaa kwenye orodha ya namba 197 hadi kitu kipya kiandikwe juu yake. Kikiandikika vizuri, sekta hutolewa kwenye orodha. Kikishindikana, diski huihamishia sekta hiyo kwenye akiba. Kufomati kikamilifu, ambako tangu Windows Vista huandika sifuri kila mahali, husukuma sekta zote zinazosubiri kwenye uamuzi huo. Namba 197 inarudi sifuri, mwenye kompyuta anafurahi. Kichwa cha kusomea kilichochoka au chembe zinazokwaruza sahani zinazobeba data bado zimo ndani vilevile, na data zilizokuwa kwenye sekta zile zimekwenda.

Kufomati kwa haraka hata hilo halifanyi. Kunaandika upya jedwali la mafaili, basi.

Chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, nayo huchukuliwa kama dawa. Kazi yake ni kurekebisha mfumo wa mafaili, si chuma. Ukiiendesha na chaguo la /r kwenye diski inayokufa, inailazimisha isome kila sekta, ikiwemo ile inayoiumiza zaidi, huku ikikata au kuhamisha mafaili kulingana na inachoona. Kupanga upya vipande vya mafaili kuna hatari ya aina hiyohiyo: saa nyingi za kusoma na kuandika kwenye diski iliyobakiwa na muda mfupi. Hatua hizi zina mahali pake, ila si kabla ya kuwa na nakala.

Dhana: Iweke kwenye friza, au igonge kidogo

Zamani vichwa vya kusomea vilitua juu ya sahani diski ilipozimwa, na wakati mwingine viling'ang'ania hapo. Baridi au mtikiso viliweza kuvibandua, na hadithi ikaenea. Diski nyingi za laputopu, na nyingi za baadaye za kompyuta ya mezani, huegesha vichwa pembeni, nje kabisa ya sahani, kwa hiyo hakuna cha kubandua. Kinachotokea ni kwamba ukiitoa kwenye friza, unyevu hugeuka matone ndani yake, na vichwa vinavyoelea nanomita chache juu ya sahani hukutana na maji. Ukingo wa sahani ya inchi 3.5 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huenda kwa zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Kugonga kitu cha namna hiyo si ukarabati.

Kwa sababu hiyohiyo usifungue kifuniko sebuleni. Chembe moja ya vumbi ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani.

Dhana: Badilisha ule ubao wa saketi na wa diski nyingine ya aina moja

Kwa diski za miaka ya tisini hili liliwezekana mara nyingi. Baadaye watengenezaji walianza kuhifadhi kwenye chipu ya ubao vipimo vya urekebishaji ambavyo ni vya diski hiyo moja tu. Ubao wa pacha wake hauvijui, na diski hubaki ikitoa tiki-tiki. Chipu ile lazima ihamishwe pia, kazi ya fundi mwenye vifaa vya kuchomelea vidogo na mkono uliozoea.

Dhana: Sakinisha programu ya kurejesha mafaili, itafute kilichopotea

Ukiisakinisha kwenye diski ileile, unaandika juu ya unachokitafuta. Na hata ukiiendesha kutoka kwingine, programu nyingi hung'ang'ania sekta mbovu moja mara kwa mara huku diski ikizidi kuchakaa.

Njia ninayoiamini ni kunakili diski yote kwanza, kisha kuhangaika na nakala. Washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, unganisha diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi, na utumie programu ya GNU ddrescue. Uzuri wake ni mpangilio wa kazi: huchukua kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi, huruka penye ugumu, kisha hurudi kuyamenya polepole. Faili la ramani huweka kumbukumbu ya kila ilichofanya, hivyo unaweza kuisimamisha, kuipoza diski, na kuendelea pale ilipoishia.

ddrescue -f -n /dev/sdX /dev/sdY ramani.map
ddrescue -f -d -r3 /dev/sdX /dev/sdY ramani.map

Ya kwanza, X, ni diski mgonjwa. Ya pili, Y, ni inayopokea. Hakikisha kwa namba ya utambulisho iliyobandikwa kwenye diski, kwa sababu ukizigeuza utafuta ulichokuja kuokoa. Hifadhi ramani kwenye diski ya tatu au flashi.

Kama diski inagonga kwa mdundo au haizunguki kabisa, jaribu mara moja tu kwa umeme wa uhakika, maana umeme hafifu wa adapta ya USB nao huleta mlio huo. Mlio ukiendelea, zima. Kila dakika ya ziada inaweza kukwangua sahani, na hapo hata maabara ya urejeshaji data haitapata cha kusoma.

Dhana: Kompyuta ya zamani haifaidiki na SSD

Inafaidika na SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, kuliko mpya. SATA ya kizazi cha pili ina kikomo cha takriban megabaiti 300 kwa sekunde, lakini unafuu mkubwa uko kwenye kutafuta: diski ya sahani huhitaji karibu milisekunde 10 kufikia kila kipande, SSD huhitaji sehemu ndogo sana ya hizo. Tazama vikomo tu. BIOS za zamani sana zinaishia gigabaiti 137, jedwali la MBR, la kugawia diski, linaishia terabaiti 2, na Windows XP haijui TRIM, amri ya kuijulisha SSD nafasi zisizotumika tena.

Ile mbovu usiiuze wala kuitupa ikiwa na data. Ukishafungua mafaili kwenye nakala na kuyakagua, iandike sifuri yote kama bado inaandikika. Kama haizunguki, toboa sahani zake.