Je, wajua kwa nini Bunge la Marekani lilikataa kusoma maombi ya wananchi wake kwa miaka minane?

Tarehe 26 Mei 1836, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha kwa kura 117 dhidi ya 68 azimio kwamba waraka wowote wa maombi unaohusu utumwa uwekwe mezani, usichapishwe wala kujadiliwa. Msomaji aliyezoea habari za Dodoma au Nairobi atahadhari hapa. Kwetu hati ikiwasilishwa mezani ndiyo kwanza imeanza safari yake bungeni, ila kwa Wamarekani kuiweka mezani ni kuizika. Watu waliliita azimio hilo kanuni ya kufunga midomo.

Karatasi zile zilikuwa na nini hata zikaogopwa hivyo?

Tuanze na mwaka uliotangulia. Chama cha Kupinga Utumwa cha Marekani kilikuwa kimetuma magazeti na vijitabu vingi kwa posta kwenda majimbo ya Kusini, yaliyoruhusu utumwa. Usiku wa tarehe 29 Julai 1835, kundi la watu lilivunja posta ya Charleston, Carolina Kusini, likachukua shehena hiyo, na kesho yake ikachomwa moto hadharani. Njia ya posta ilipozibwa, nguvu zikahamia kwenye maombi kwa Bunge. Marekebisho ya kwanza ya Katiba yanampa mwananchi haki ya kuiomba serikali imwondolee kero, wala hayasemi kwamba mwombaji lazima awe mpiga kura. Kwa mwanamke wa wakati ule, asiye na kura, huo ulikuwa karibu mlango pekee wa kuingilia katika siasa.

Maombi mengi yalihusu utumwa na biashara ya watumwa katika mji mkuu, Washington, na eneo lake. Hilo lilifanywa kwa makusudi. Katika majimbo utumwa ulilindwa na sheria za jimbo lenyewe, na mbunge angeweza kunawa mikono akisema hana mamlaka. Lakini mji mkuu ulikuwa chini ya Bunge moja kwa moja, na watumwa walikuwa wakiuzwa humo humo, karibu na jengo la Bunge.

Waraka wenyewe ulitengenezwa kwa ustadi. Maneno yalichapwa tayari, aya moja au mbili fupi, na kila karatasi ikabeba ombi moja tu: kufuta utumwa Washington, kuzuia biashara ya watumwa kati ya jimbo na jimbo, au kuikataa Texas, iliyoruhusu utumwa, isijiunge na Marekani. Ukiyachanganya yote, anayekubali moja na kusita kwa jingine hasaini kabisa. Isitoshe, karatasi tatu ni nyaraka tatu, na kila moja inadai muda wake bungeni. Chini ya maneno palikuwa na safu mbili za majina, mara nyingi wanaume wapiga kura upande mmoja na wanawake upande wa pili.

Kisha kazi ya miguu. Wakusanyaji waliagizwa wamfuate mkulima shambani, mkata kuni msituni, mwenye duka nyuma ya kaunta yake, wamsimamishe mwendesha gari la farasi njiani, na wasimsahau mama wa nyumba wala binti yake. Wanawake ndio waliorudi na saini nyingi zaidi, na mimi naona sababu iko wazi: walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakakaa, wakaeleza, wakajibu hoja. Milango mingi ilifungwa usoni mwao, hata Kaskazini, kwa kuwa viwanda vya huko viliishi kwa pamba ya Kusini. Massachusetts, moja ya ngome za wapinga utumwa, ndiyo iliyofuma kitambaa ambacho merikebu za Salem zilikileta Zanzibar, nasi tukakiita merikani. Pamba yake ililimwa na watumwa.

Karatasi zilizojaa ziligundishwa kwa gundi, mwisho wa moja kwa mwanzo wa nyingine, zikaviringishwa. Nauli ya posta ilihesabiwa kwa karatasi na umbali, senti 25 kwa karatasi moja ikivuka maili 400, kwa hiyo mzigo wa namna hiyo kutoka Boston ungemfilisi mtumaji. Lakini barua zilizotumwa kwa wabunge zilikuwa na msamaha wa nauli, na wapinga utumwa waliutumia vilivyo.

Mbunge wa eneo akikataa kuwasilisha, palikuwa na John Quincy Adams wa Massachusetts, rais wa sita wa nchi hiyo, aliyerudi kuwa mbunge tangu 1831. Wabunge wa Kusini hawakuogopa saini peke yake. Ombi likipokelewa huenda kwenye kamati. Kamati husikiliza ushahidi na kutoa ripoti. Ripoti huchapwa kwa fedha za serikali na kusambazwa nchi nzima. Yaani kile kilichochomwa Charleston kingerudi kikiwa na muhuri wa Bunge.

Kanuni ile iliwageukia walioitunga. Raia ambaye habari za watumwa hazikumkosesha usingizi sasa aliona haki yake mwenyewe inakanyagwa, akaomba kalamu. Tena azimio lilikufa na kikao, hivyo ilibidi lipitishwe upya kila mara, na kabla halijapita Adams aliwahi kumwaga maombi yake. Februari 1837 alimwuliza Spika kama waraka ulioletwa na watumwa wenyewe unaangukia chini ya kanuni hiyo. Ukumbi ulilipuka kwa kelele, na kwa siku kadhaa Bunge likajadili jambo lile lile lililokatazwa kujadiliwa.

Januari 1840 azimio likafanywa kanuni ya kudumu, kali zaidi, maombi yasipokelewe kabisa, ila lilipita kwa kura 114 kwa 108. Mwaka 1842 wakajaribu kumlaani rasmi Adams. Alijitetea karibu wiki mbili mpaka wakachoka wao. Tarehe 3 Desemba 1844 kanuni ikafutwa, 108 kwa 80.

Waliojifunza kuzungusha karatasi hawakuacha. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Elizabeth Cady Stanton na Susan B. Anthony, watetezi wa haki za wanawake, waliongoza ukusanyaji wa saini za kufuta utumwa nchi nzima. Tarehe 9 Februari 1864 wanaume wawili weusi waliingia ukumbi wa Seneti wamebeba mzigo wa karatasi zilizoviringishwa, jimbo kwa jimbo, wakauweka kwenye meza ya seneta Charles Sumner. Saini 100,000: wanaume 34,399, wanawake 65,601. Mzigo ule ulipelekwa kwenye kamati.