Je, wajua kwa nini sungura wa kufugwa hula majani yenye sumu?

Wafugaji wengi huambiana kwamba ukimwekea sungura rundo la majani mchanganyiko, atajichagulia yanayomfaa na kuacha yenye sumu. Kauli hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi: sungura hunusa sana kabla ya kula, na majani machungu mno mara nyingi huyasusa. Lakini pua yake haipimi sumu. Kazi yake kubwa ni kukumbuka.

Hukumbuka chakula cha mama. Sungura jike hukaa na watoto dakika chache tu kwa siku, hunyonyesha na kuondoka, kwa hiyo hawapati nafasi ya kumfuata malishoni. Hujifunza kwa harufu: kwanza tumboni, kisha katika maziwa, kisha katika vinyesi anavyoacha kiotani. Watafiti waliwahi kuwalisha majike wenye mimba matunda ya mreteni, ambayo yana harufu kali. Watoto wao walipoachishwa kunyonya waliyakimbilia matunda hayo, na watoto wa majike wengine hawakuyajali. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba njia moja tu kati ya hizo tatu ilitosha kufundisha.

Ichukulie pua hiyo kama mlinzi wa harusini aliyepewa orodha ya wageni. Aliyemo hupita bila maswali. Asiyekuwemo hapekuliwi kama ana kisu. Hushukiwa tu kwa kuwa hajulikani, na kama hakuna mwingine mlangoni, mwishowe huingia. Jike aliyekuzwa kwa chakula cha vidonge huwarithisha watoto orodha ya jina moja. Kwao magugu yote ni wageni, mema na mabaya. Tena asili ya sungura wa kufugwa ni Hispania na Ureno, ilhali lantana, kichaka chenye sumu, ilitoka Amerika ya kitropiki: mababu zao hawakuwahi kukutana nayo. Na sungura akishameza harudishi, kwa sababu hawezi kutapika.

Yapo pia yanayowapoteza hata watazamaji makini. Baadhi ya sungura hurithi kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwilini, kinachovunja atropini, mojawapo ya sumu za mmea uitwao mnanaha, wengine hawana. Aliyeona sungura akila mnanaha akabaki mzima ameona kweli, ila alichokiona kinamhusu sungura yule tu.

Basi anayekata majani ndiye anayepaswa kuujua mmea, na dalili moja haitoshi. Utomvu mweupe ni mfano mzuri. Mchunga unao, na sungura huula vizuri. Mnyaa unao pia, na wake huunguza mdomo na macho. Shina la pembe nne nalo hudanganya: kishona nguo, chakula kizuri cha sungura, kina shina la namna hiyo na majani yanayokaa mawili mawili yakielekeana, na lantana vilevile. Tofauti iko kwenye jani. La kishona nguo kwa kawaida hugawanyika vipande vitatu au vitano. La lantana ni moja, linakwaruza vidole, na ukilifikicha hutoa harufu kali. Kwa kuwa majani ya chini ya kishona nguo kichanga huweza kuwa mazima, ni salama kusubiri maua: kishona nguo huwa na kitovu cha njano, wakati mwingine na petali nyeupe pembeni, lantana hutoa vishada vya maua madogo, mara nyingi ya rangi zaidi ya moja. Kukausha hakusaidii, kwani sumu ya lantana hubaki ndani ya majani makavu.

Mmea ukishatambuliwa bila shaka, huanzishwa kidogo kidogo, aina moja kwa wakati, ili vijidudu vinavyochachusha majani tumboni vipate kuzoea. Lakini mgao huo mdogo hautumiki kuujaribu mmea usiojulikana. Lantana huharibu ini, na sungura anaweza kuonekana mchangamfu leo, kisha akaanza kususa chakula baada ya siku kadhaa.