Kisigino kinachouma mwaka mzima: upasuaji unafaa lini?

Asubuhi nikikanyaga chini nachomwa kama na msumari. Nipasuliwe?

Mara nyingi kinachouma hapo ni ukano mpana wa unyayo, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Wengi hupona bila kisu, ila huchukua hata miezi 6 hadi 12, na kabla ya hapo daktari makini hazungumzii upasuaji. Jiulize pia kama mazoezi uliyafanya kweli: kabla ya kushuka kitandani, weka mguu juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea ugoko, hesabu 10, rudia mara 10, seti 3 kwa siku. Kandambili bapa ziache, hata za kuendea bafuni.

Eksirei imeonyesha mwiba wa mfupa. Si utolewe tu?

Wapo wengi wenye mwiba huo na hawaumwi chochote. Kuutoa peke yake mara nyingi hakumalizi tatizo.

Basi hukatwa nini?

Inategemea kinachovuta. Nyoosha goti, kisha inua unyayo kuelekea ugoko. Unyayo ukigoma kuinuka, lakini ukainuka vizuri goti likikunjwa, msuli wa kigimbi ndio umekaza. Hapo daktari anaweza kuurefusha kwa kukata utando wake, bila kugusa kisigino kabisa.

Kigimbi kikiwa sawa, hukatwa sehemu ya ukano wenyewe, upande wa ndani wa mguu, kwa mpasuo wa wazi au kwa kamera kupitia matundu madogo. Kipimo ndicho kila kitu: isizidi nusu ya upana wake. Ukano huo ndio unaoshikilia upinde wa unyayo; ukikatwa kupita kiasi, upinde hulala, uzito huhamia upande wa nje wa mguu, na maumivu mapya huanzia huko. Mwulize daktari wako atakata kiasi gani. Si utovu wa adabu.

Neva ndogo inayopita karibu na hapo ikibanwa, nayo huuma vilevile. Kwenye mpasuo wa wazi inaweza kufunguliwa papo hapo; kwa kamera ni vigumu.

Nitarudi kazini lini?

Kwa kamera, wengi hukanyaga wakiwa na buti la tiba ndani ya siku chache. Mpasuo wa wazi hudai magongo kwa wiki 2 hadi 3. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kazi ya kukaa huwezekana mapema. Ya kusimama kutwa ipe wiki 6 au zaidi, na kukimbia miezi 3. Anayevua buti mapema kwa sababu "kisigino hakiumi tena" ndiye hurudi kliniki akichechemea.

Nirudi hospitali haraka nikiona nini?

Usaha, homa, au wekundu unaosambaa. Kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, au pumzi ikikata ghafla, huenda damu imeganda: nenda saa hiyohiyo. Ganzi kidogo kisiginoni ni kawaida, lakini itaje siku ya kutoa nyuzi. Mwenye kisukari au mvutaji sigara aseme kabla ya kupasuliwa, kwani kidonda chake huchelewa kufunga.